Timu za Rhode Island: mbona klabu haishuki daraja, na kijana wetu atacheza wapi?

Mkaazi wa Kisauni

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote wasio wa dini yangu pia. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, amehamia pamoja na wazazi wake katika mji wa Pawtucket, jimbo la Rhode Island, Marekani. Ana umri wa miaka 18, ni winga wa kushoto mwenye mbio, na kabla ya kuondoka alikuwa akichezea timu ya mtaani kwetu huku tamaa yake yote ikiwa ni kuonekana na wakufunzi wa Bandari, klabu yetu kubwa ya hapa Mombasa. Tangu afike huko amekuwa akinitumia picha za uwanja mpya uliojengwa ukingoni mwa mto, na kila ninapomuuliza habari za timu yenyewe, hunijibu mambo ambayo barazani kwetu yamezua ubishi usiokwisha.

Anasema timu ya huko hata ikishika mkia haishuki daraja. Anasema pia kwamba jimbo zima halina timu hata moja katika ligi kuu ya Marekani, jambo ambalo wazee wa barazani wamelikataa katakata, kwa hoja kwamba haiwezekani nchi yenye mali namna ile iache jimbo zima bila timu ya ligi kuu. Mimi nimetazama ramani nikaona jimbo lenyewe ni dogo kuliko yote ya Marekani, lina upana wa takriban kilomita 60, yaani kama kutoka hapa hadi Kilifi, na watu wake ni milioni 1.1 hivi, ilhali kaunti yetu ya Mombasa peke yake ilihesabiwa watu 1,208,333 katika sensa ya mwaka 2019.

Naomba wenye kujua wanieleze mambo haya yanavyokwenda, na zaidi ya yote wanishauri kijana kama huyu aanzie wapi ili kipaji chake kisije kikafia barazani mwa watu wa ugenini.

Mshabiki wa Mbaraki

Wa alaykum salaam, ndugu yangu wa Kisauni. Mpwa wako hakukudanganya, na wazee wa barazani watulie. Kule nafasi ya kucheza ligi kuu hainyakuliwi uwanjani, hununuliwa. Wenye klabu ndio wenye ligi, na anayetaka kuingia hulipa ada ya kujiunga, akakubaliwa na wenzake, akapewa haki ya kuweka timu katika mji fulani. San Diego FC, iliyoanza kucheza ligi kuu, yaani MLS, mwaka 2025, ilinunua nafasi hiyo kwa dola milioni 500. Aliyelipa fedha kama hizo hatakubali kuambiwa ashuke kwa sababu beki wake alikuwa na msimu mbaya.

Timu ya mpwa wako ni Rhode Island FC, nayo iko katika USL Championship, ambayo ni daraja la pili. Msimu wake wa kwanza ulikuwa mwaka 2024, na katika msimu huohuo ilikwenda hadi fainali, ikafungwa mabao 3–0 na Colorado Springs Switchbacks tarehe 23 Novemba. Sasa tazama ajabu yake: hata kama ingeshinda fainali ile, mwaka uliofuata ingeanza palepale ilipokuwa, kwa sababu ubingwa wa daraja la pili haufungui mlango wa daraja la kwanza. Sisi Bandari ikivurunda msimu mzima, hakuna hundi itakayoibakisha ligi kuu, na ikifanya vyema inapata malipo yake, kama mwaka 2019 ilipoilaza Kariobangi Sharks katika fainali ya kombe la shirikisho letu na kuingia mashindano ya Afrika.

Niongeze jambo moja kwa haki. Mwaka 2025 wamiliki wa klabu za USL, shirika linaloendesha ligi hiyo ya daraja la pili na nyingine za chini yake, walipiga kura kukubali mfumo wa kupanda na kushuka baina ya madaraja yao wenyewe, sambamba na mpango wa kuanzisha daraja jipya la juu. MLS haimo katika mpango huo. Kwa hiyo huenda mpwa wako akaiona timu yake ikishuka siku moja, na hapo ndipo atakapojua ushabiki ni nini.

Mwalimu Mstaafu, Makadara

Swali la kwa nini jimbo halina timu ya ligi kuu halijibiwi kwa fedha peke yake, na naona Mshabiki amelipita haraka. Jibu kubwa ni Boston. Mji huo uko jimbo jirani la Massachusetts, na timu zake zimeifunika Rhode Island miaka nenda miaka rudi. Timu ya MLS ya eneo lile inaitwa New England Revolution, na ya futiboli ya Kimarekani inaitwa New England Patriots. Jina la New England linakusanya majimbo sita, Rhode Island likiwa mojawapo, na timu zote mbili huchezea Foxborough, mji ulio kati ya Boston na Providence, mji mkuu wa Rhode Island. Mtu wa Providence anafika huko kwa gari kabla chai yake haijapoa vizuri. Kwa hesabu ya wenye ligi, basi, watu wa Rhode Island wana timu tayari.

Matokeo yake ni kwamba jimbo hilo dogo limegeuka kitalu cha Boston. Kwa miaka mingi Pawtucket ilikuwa na timu ya besiboli iliyopendwa mno, Pawtucket Red Sox, lakini wachezaji wake walikuwa mali ya Boston Red Sox, na kijana aliyeng'ara leo aliweza kuitwa Boston kesho yake asubuhi. Hoki ya barafu ni vivyo hivyo: Providence Bruins, walioanza mwaka 1992 na kutwaa Kombe la Calder mwaka 1999, ni timu ya kulelea wachezaji wa Boston Bruins. Shabiki wa namna hii hujifunza kumpenda mchezaji akijua kwamba siku atakapoiva ndiyo siku atakayoondoka.

Wakati mwingine, hata hivyo, mambo makubwa hutokea katika timu hizo ndogo. Mchezo mrefu kuliko yote katika historia ya besiboli ya kulipwa ulichezwa Pawtucket, katika uwanja wa McCoy. Ulianza usiku wa tarehe 18 Aprili 1981, timu ya nyumbani dhidi ya Rochester Red Wings, kwa baridi kali iliyowafanya wachezaji wachome vipande vya mbao ili wapate joto. Zamu za kawaida ni tisa. Wao walifika zamu ya 32 bila mshindi, na mchezo ukasimamishwa ilipokwisha kupita saa kumi alfajiri, jukwaani wakiwa wamebaki watazamaji 19 tu. Ulimaliziwa tarehe 23 Juni, na zamu ile ya 33 ilichukua dakika 18 pekee, Pawtucket ikashinda 3–2. Wale 19 walipewa tiketi za bure, na naamini kila mmoja wao alistahili.

Sasa kuhusu soka. Barazani mwenu msidhani mchezo huu ni mgeni kule. Pawtucket ni mji wa viwanda vya pamba tangu karne ya 18, na mafundi wengi walioajiriwa humo walitoka Uskoti na Uingereza wakiwa na mpira miguuni. Kiwanda cha nyuzi cha J&P Coats, ambacho asili yake ni Paisley huko Uskoti, kilikuwa na timu yake, na timu hiyo ilitwaa ubingwa wa American Soccer League msimu wa 1922–23, kisha baadaye ikabadilisha jina na kuitwa Pawtucket Rangers. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu timu yetu kubwa nayo ni ya mwajiri: bandari ndiyo inayoilisha.

Na hapa pana kisa ninachokipenda kuliko vyote. Mji jirani wa Fall River, ulio Massachusetts, ulikuwa na timu kali iliyoitwa Marksmen, lakini sheria za Massachusetts zilikataza michezo ya kulipwa siku ya Jumapili, siku pekee ambayo mfanyakazi wa kiwanda alikuwa na nafasi ya kwenda kutazama. Mwenye timu, Sam Mark, mwaka 1922 alijenga uwanja ng'ambo tu ya mpaka, katika mji wa Tiverton, Rhode Island, ambako Jumapili haikuwa na kizuizi hicho. Mashabiki wakawa wanavuka mpaka wa jimbo kwenda kuishangilia timu yao wenyewe. Bert Patenaude, kijana wa Fall River aliyeichezea timu hiyo, ndiye anayetambuliwa na FIFA kuwa mchezaji wa kwanza kufunga mabao matatu katika mechi moja ya Kombe la Dunia, dhidi ya Paraguay mwaka 1930. American Soccer League, ligi ya timu hizo zote mbili, ilisambaratika mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa ugomvi wa viongozi na mdororo wa uchumi. Viongozi kugombana na ligi ikafa, sidhani kama ni habari ngeni kwetu.

Mhasibu wa Ganjoni

Mwalimu, ahsante kwa somo, lakini umeusimulia mji wa Pawtucket kama kwamba hakuna aliyelipa gharama. Ile timu ya besiboli uliyoitaja haipo tena. Wamiliki walitaka uwanja mpya, wakavutana na wanasiasa wa jimbo kuhusu nani alipe, na mwaka 2018 wakatangaza kwamba wanahamia Worcester, Massachusetts, ambako walianza kucheza mwaka 2021. Mji ulioishabikia timu kwa karibu miaka 50 uliachwa na uwanja mtupu.

Uwanja mpya wa soka anaoupiga picha mpwa wa ndugu yetu umetokana na kidonda hicho. Mji uliopoteza timu moja uliogopa kuonekana umekufa, na mwaka 2019 mradi wa ukingo wa mto Seekonk ukatangazwa. Gharama zilipanda, mjadala ukawa mkali, na mwaka 2022 bodi iliyopaswa kuidhinisha fedha za umma iligawanyika nusu kwa nusu hadi Gavana Dan McKee alipopiga kura ya kuamua. Fedha zenyewe ni za kukopa, na pamoja na riba inakadiriwa zitawagharimu walipa kodi takriban dola milioni 132 katika muda wa miaka 30. Uwanja unachukua watu 10,500 na umepewa jina la benki, Centreville Bank, iliyolipia haki hiyo.

Sisemi haukufaa kujengwa. Ninachosema ni kwamba kule, mwenye timu akiwa na miguu ya kuhama, serikali hubaki ikimbembeleza. Sisi Mombasa tuna tatizo la kinyume chake, la timu zisizoweza kuhama na uwanja wa manispaa uliokaa miaka katika ukarabati.

Mshabiki wa Mbaraki

Mhasibu, hesabu zako sizipingi, ila umeacha upande wa pili. Msimu wa kwanza timu ilicheza katika uwanja wa kuazima wa Chuo Kikuu cha Bryant, mjini Smithfield, na ilipohamia Pawtucket tarehe 3 Mei 2025 na kutoka sare ya 0–0 na San Antonio FC, mji ule ulikuwa haujawa na timu ya kulipwa tangu wale wa besiboli waondoke. Kuna thamani ambayo haiandikwi katika vitabu vya hesabu. Na mmoja wa waasisi wa klabu ni Michael Parkhurst, beki aliyelelewa Cranston katika jimbo hilohilo, akachezea timu ya taifa ya Marekani, akawa nahodha wa Atlanta United ilipotwaa ubingwa wa MLS mwaka 2018. Klabu ikiwa na mtu wa nyumbani ndani yake, kuhama kunakuwa na aibu.

Bint wa Kizingo, Providence

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa na sasa nafanya kazi ya uuguzi hapa Providence, kwa hiyo ngoja nieleze yale ninayoyaona kwa macho, kisha nimjibu ndugu wa Kisauni kuhusu kijana.

Uwanja uko karibu mno na maji. Ukiwa umekaa jukwaa la upande mmoja unauona mto nyuma ya goli, na upepo unaotoka huko mwezi wa Aprili unapenya koti, kwa hivyo mwambie mpwa wako asidanganyike na jua. Nyuma ya goli husimama kundi la mashabiki liitwalo Defiance 1636, jina lenye mwaka ambao mji wa Providence ulianzishwa, nao hupiga ngoma dakika zote tisini. Kilichonishangaza mimi ni lugha nilizozisikia kwenye foleni ya chakula: Kireno cha Cape Verde, Kihispania, na Kiingereza cha Waliberia, kwa sababu jamii hizo ni kubwa katika Providence, Pawtucket na Central Falls, nazo zilikuwa zikicheza soka kwenye viwanja vya mitaa muda mrefu kabla ya klabu hii kuzaliwa. Hata kocha wa kwanza wa klabu, Khano Smith, ni mtu wa visiwani, anatoka Bermuda.

Lakini msidhani jimbo hili linaishi kwa soka. Ukitaka kuona watu wa hapa wamepagawa, nenda kwenye mpira wa vikapu wa Providence College wakati wa baridi, hasa wanapokutana na Chuo Kikuu cha Rhode Island, maana hapo hata wagonjwa wangu wa miaka 80 huniuliza matokeo kabla ya kuuliza dawa. Wazee bado wanasimulia mwaka 1973, chuo hicho kilipofika nusu fainali ya taifa, na tena mwaka 1987. Nimekuja kufahamu kwamba kwa kuwa timu za kulipwa huja na kuondoka, watu wameuweka moyo wao vyuoni, kwa sababu chuo hakiwezi kuhamishiwa Worcester.

Na hilo ndilo jibu la kijana wenu. Hapa njia ya kawaida ya mchezaji hupita shuleni. Ikiwa bado hajamaliza sekondari, aingie timu ya shule mara moja, kwani mashindano ya shule za sekondari za jimbo ni ya kweli na msimu wake huanza mwishoni mwa kiangazi. Ikiwa amemaliza, kuna vyuo vinne vya jimbo hili vinavyocheza daraja la kwanza la vyuo, navyo ni Brown, Providence College, Bryant na Chuo Kikuu cha Rhode Island. Kuingia humo si rahisi, kwa sababu wakufunzi huwa wameshachagua wachezaji wao mapema, wengine kutoka Ulaya. Mimi ningemshauri aanzie chini, katika Rhode Island College au chuo cha jamii cha jimbo, yaani CCRI, ambako ada ni nafuu kwa mkaazi wa jimbo, aonekane, kisha ahamie chuo kikubwa akiwa na alama nzuri za darasani. Alama hizo zina uzito kama mabao.

Kuna mambo mawili ya kuchunga. La kwanza ni klabu za vijana. Hapa mzazi ndiye anayelipia mtoto acheze, na ada ya mwaka, sare na safari za mashindano huweza kuwa mzigo mzito kwa familia iliyotoka kuhamia, kwa hivyo waulize kwanza kuhusu msaada wa ada kabla ya kutia saini kokote. Mtoto wa Kisauni aliyezoea kucheza bure ufukweni hadi magharibi ataliona jambo hili kama uwendawazimu, na mimi pia naliona hivyo. La pili ni sheria za vyuo kuhusu malipo na umri. Asikubali mkataba wa kucheza kwa mshahara, wala asijiingize katika ligi rasmi kwa miaka baada ya sekondari bila kuuliza chuo anachokitaka, maana anaweza kupoteza baadhi ya misimu yake ya kuruhusiwa kucheza. Na kama yuko hapa kwa viza ya mwanafunzi badala ya ukaazi, suala la kulipwa ni zito zaidi, na amuone mshauri wa wanafunzi wa kigeni wa chuo chake kwanza.

Wakati anasubiri, aende viwanja vya mitaa vya Pawtucket na Central Falls jioni za kiangazi. Huko haulizwi ada, huulizwa kama anaweza kukimbia.

Mkaazi wa Kisauni

Nimeshukuru sana, na nimewasomea wazee barazani maneno yenu yote. Mmoja wao, aliyekuwa akiishabikia timu ya Feisal ya hapa Mombasa ilipochukua ubingwa wa Kenya mwaka 1965, amesema ligi isiyoshusha timu ni kama karata zisizo na mzungu wa nne, na sasa ubishi umehamia hapo.

Dada wa Kizingo, mpwa wangu ana ukaazi kupitia kwa baba yake na bado ana mwaka mmoja wa sekondari, kwa hiyo nimemwambia aende kwa mwalimu wa michezo wiki hii. Nina swali dogo tu. Sisi tungependa kuitazama hiyo Rhode Island FC tukiwa hapa, na kama Mungu akijaalia, siku moja tumtazame kijana mwenyewe akiwa chuoni. Je, saa zinakubali?

Bint wa Kizingo, Providence

Zinakubali kwa mwenye kukesha, kaka yangu. Msimu wa USL huanza mwezi wa Machi na kuingia hadi Novemba, na kwa sehemu kubwa ya muda huo Mombasa huwa mbele yetu kwa saa saba. Mechi nyingi za Jumamosi huanza jioni, kwa hiyo ikianza saa moja na nusu usiku hapa, kwenu ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumapili. Mwanzoni mwa Novemba saa zetu hurudishwa nyuma na tofauti huwa saa nane, na ndio wakati wa mechi za mtoano. Mechi za vyuo ni nafuu zaidi, kwa kuwa baadhi huchezwa Jumapili saa saba mchana, yaani saa mbili usiku huko, na vyuo vingi huzirusha mtandaoni. Mwaka huu akiwa bado sekondari, mwambie mama yake arekodi kwa simu akiwa amesimama katikati ya uwanja, juu kidogo kama kuna ngazi, kwa sababu wakufunzi wa vyuo huomba video ya namna hiyo wanapoandikiwa barua, na winga anayerekodiwa kutoka nyuma ya goli haonekani anachokifanya.